Siku Papa Alipomchinja Baridi

Jirani akichoma majani mabichi, ule moshi mzito unaouma macho, mimi huacha ninachofanya. Ndio moshi tuliouwasha kila jioni nyuma ya nyumba yetu, Kisangani, miaka ya vita, ili nzi wasimmalize ng'ombe wetu.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo. Kabla barabara ya Kivu haijafungwa, lori la mwisho lilimletea ng'ombe jike wa milimani, mwenye mimba na manyoya mazito kama blanketi. Papa hakuwahi kufuga hata kuku. Tulimwita Baridi kwa sababu ya huko alikotoka, ingawa kwetu, maskini, alihema mchana kutwa, ulimi nje. Papa alimmwagia maji kwa ndoo, akamtoa kupe kwa vidole, akamlambisha chumvi kiganjani. Mwishowe alimtundikia chandarua cha Mama. Majirani, watu wa mto kutoka Isangi, walikuja kutazama, wakauliza kama huyo bibi anajifunika shuka pia. Mama hakucheka. Alisema tangu aolewe, yeye hajawahi kuogeshwa hivyo.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Kila asubuhi niliweka sikio kwenye tumbo la Baridi, na ndama alinipiga teke la shavu.

Alasiri moja wakaingia askari. Mkubwa wao alimtazama dada yangu Furaha, msichana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, uani.

“Huyu atakuja kutupikia kwa kambi,” alisema.

Nilidhani kupika ni kupika tu. Papa alisogea akasimama mbele ya kinu, akamwita yule mkubwa kwa cheo.

“Chef, kwanza mukule. Ngombe iko. Yote ni ya kwenu.”

Yule mkubwa akacheka. “Bon. Utachinja wewe mwenyewe. Mutu asikusaidie.”

Mama akamtuma Furaha mtoni kuchota maji ya kuoshea nyama. Papa akaanza kunoa kisu. Alinoa, akajaribu makali kwa kidole, akanoa tena, mpaka wakamtukana. Kila Noeli alikuwa anachinja mbuzi kwa mkato mmoja, lakini siku ile mkono wake ulikuwa kama wa mtu mwingine. Alimkata Baridi vibaya. Ng'ombe alilia, akaanguka, akasimama, kamba ikafunguka, akazunguka ua wote huku damu ikiruka ukutani. Askari walishika mbavu kwa kicheko, kisha wakampiga Papa kwa kitako cha bunduki aanze upya. Akaanza upya, na bado hakumaliza.

Baridi alipokufa hatimaye na tumbo lake kupasuliwa, ndama alitoka bado anatikisika. Askari mmoja alimshika miguu, akamchezesha kama mtoto anayefundishwa kutembea. Papa akasema kwa sauti ya duka, ile ya kumsifia mteja bidhaa, kwamba nyama ile ni laini sana, ila inataka kuchemshwa polepole.

Walipokumbuka kumuulizia Furaha, jua lilikuwa limeshuka, naye hakuwa amerudi. Walimpiga Papa mpaka sikio lake la kushoto likafa. Kisha wakabeba nyama wakaenda.

Nilimkuta amekaa chini penye damu, nikamwambia kwa hasira kwamba hata kuchinja hajui.

“Ndiyo, mutoto yangu,” alijibu. “Sijui.”

Sikumgusa tena Papa kwa muda mrefu. Kila aliponyoosha mkono niliona kile kisu.

Papa alikuwa ameshazikwa, na mimi mwenyewe mama wa wasichana, Furaha aliponisimulia upande wake. Mvuvi wa Yanonge alikuwa amekubali kumtorosha, lakini ilibidi amsubiri apakie samaki. Furaha alijilaza ndani ya mtumbwi, chini ya mkeka, na kutoka pale alimsikia Baridi analia. Alitamani anyamaze, na alimwomba Mungu ng'ombe asinyamaze, maana alijua kuwa akiwa bado analia, askari bado wanamtazama Papa.