Moshi Kwenye Utando wa Spika

Nilimchukia tajiri wangu wa Sparkhill tangu asubuhi ya kwanza, na sioni haya kusema hivyo. Yeye alikuwa Mhindi wa Nairobi, mimi Mswahili wa Mombasa, na sote tulifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini tukiwa na makoti ya kuazima. Mtu angedhani tungependana. Wapi! Alifungua duka la redio na gramafoni kwenye Stratford Road, akaniweka chumba cha nyuma penye meza ya ufundi, akawa ananisemesha kana kwamba bado yuko Nairobi na mimi ni mpishi wake. "Wewe fundi, hapana gusa hii." "Wewe fundi, osha mikono kwanza." Mikono yangu ilikuwa safi kuliko roho yake.

Kila asubuhi, kabla hajageuza kibao cha mlangoni, alikuja nyuma kuwasha vijiti vya udi mbele ya picha ya mkewe. Mama huyo alikufa kwa ugonjwa wa kifua, majira yao ya kwanza ya baridi hapa. Picha ilikaa kwenye rafu juu ya meza yangu, kwa sababu hakutaka wateja wamkodolee macho. Basi moshi wote ulinishukia mimi. Nilikuwa nakohoa kwa makusudi, kwa sauti, mpaka amalize dua yake.

Ndipo zikaja zile spika. Hazikuwa spika za kawaida zenye koni ya karatasi. Zilikuwa mbili, kila moja pana kama mlango wa kabati, na ndani yake mna utando wa plastiki mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umewambwa kati ya mabati mawili yenye matundu. Utando hupewa umeme wa maelfu ya volti, muziki hupitishwa kwenye mabati, na utando ukivutwa huku na huku, sauti inatoka. Nikiri tu kwamba sijasikia tena sauti safi namna ile. Lakini umeme huohuo huvuta kila kilichomo hewani, vumbi, masizi, moshi, na hata ukizima, utando hubaki na nguvu ya kuvuta kwa muda. Uchafu ukishashika na unyevu ukaingia, umeme hupata njia ya kutorokea. Hapo spika huanza kukaanga kama mafuta yaliyoingia maji, kisha sauti inafifia. Na hizi zilikuwa zimeshazeeka.

Mwenye spika hizo alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki, Mzungu mrefu asiyejua salamu. Aliniona nimesimama pale, akamuuliza tajiri wangu kama "huyu" amewahi kushika kitu cha namna hii huko kwao. Tajiri akamwambia ndiyo. Mimi sikuulizwa.

Spika ya kushoto nikaitengeneza, ikarudi baada ya wiki tatu. Nikaitengeneza tena, ikarudi. Mara ya tatu tajiri aliitua mezani kwangu kwa kishindo.

"Fundi, sikiza. Hii speaker imerudi tena. Customer nasema workshop yetu chafu. Kama iko rudi mara nyingine, wewe chukua bisibisi yako, enda Longbridge, fagia motokaa huko."

Alijua pa kunichoma. Longbridge nilishakaa miezi minane, kwenye kiwanda cha magari, nikifagia mabaki ya vyuma vilivyochongwa. Cheti changu cha ufundi wa redio nilikipeleka ofisi ya kazi, karani akakiangalia mbele na nyuma, akanirudishia pamoja na anwani ya mahali panapotafutwa mfagiaji. Katika mji mzima ule, meza ya yule Mhindi ndiyo ilikuwa mahali pekee nilipoitwa fundi, hata kama niliitwa kwa dharau. Nikiipoteza, sina pengine.

Basi nikaisaka ile hitilafu kwa hasira. Nilibadilisha nyaya, za kulia kushoto na za kushoto kulia, spika ileile ikaendelea kukaanga. Nikapima kipandisha umeme, kizima. Nikatia mpira wa maji sikioni, ncha ya pili nikaipitisha bati zima polepole, kama daktari na kifua cha mgonjwa, mpaka nikapata mahali panapolia. Kisha nikajifunika blanketi mimi na spika, tukabaki gizani, nikaona cheche za buluu kwenye pembe ya chini. Nikafungua. Utando ulikuwa na rangi ya chai hafifu, unanata. Nikaunusa. Ulikuwa unanukia udi.

Nilitoka na ule utando mpaka dukani, nikamwekea tajiri puani. "Nusa! Huu moshi wako! Kila asubuhi unanifukizia kazi yangu halafu unaniita mchafu!"

"Hii ya mke yangu," akasema. "Hii ya dua."

"Mkeo amekufa, hanusi kitu! Mimi ndiye niliye hai, mimi ndiye unayenifukuza kazi!"

Nilisema hivyohivyo. Alikwenda nyuma, akazima kijiti kwa vidole vyake vitupu, akachukua pakiti nzima akaitia kwenye pipa la taka. Akaipangusa picha kwa kiganja cha mkono.

"Sawa, fundi. Kama iko hii, basi. Finish."

Nilifurahi. Siku nzima nilipiga mluzi, naye alikuwa ananisikia.

Nikausafisha utando, nikaurudisha kwenye fremu yake, nikauwasha kidogo kuujaribu, halafu nikafanya kama nilivyofanya kila mara. Chumba kile cha nyuma kilikuwa na kuta zinazotoka jasho, kitu hakikauki. Lakini nyumba yetu ya kupanga, kule Sparkbrook, ilikuwa na kabati lililozunguka tangi la maji ya moto, na hapakuwa na mahali pakavu kuliko humo. Nilikuwa nafunga fremu kwenye shuka, napanda nayo basi, naiweka kabatini siku mbili. Ulikuwa ujanja wangu mwenyewe, na kwa wivu wa ufundi sikumwambia mtu, si tajiri, si hata mke wangu.

Ijumaa asubuhi nikaifunga spika dukani, nikaiwasha. Ikakaanga.

Hapakuwa na kijiti kilichowashwa mle kwa wiki nzima. Nilikaa chini. Tajiri alichungulia mlangoni, akaniona, akarudi mbele.

Adhuhuri nikaichomoa fremu, nikaibeba mpaka nyumbani ikakauke tena, nami nibadilishe nguo niende kusali. Kanzu yangu ilikuwa imetundikwa tayari, inanukia udi kama Ijumaa zote. Nikaivuta kichwani, na harufu ikanijaa usoni. Nikasimama hivyohivyo, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Kisha nikainama nikaunusa utando.

"Kanzu hizi wazifukizia wapi?" nikamuuliza mke wangu.

"Si mle kabatini. Wataka nifukizie wapi, nje kwa mvua? Moshi ukitoka huyu mwenye nyumba atatupigia kelele. Kila Alhamisi naweka chetezo chini, naning'iniza kanzu, nafunga mlango harufu iingie."

"Na spika yangu?"

"Lile dude lako? Nililipandisha juu lisipate jivu."

Alilipandisha juu ya chetezo, ndani ya kabati lililofungwa. Nikamfokea mpaka nikaishiwa pumzi. Alinisubiri nimalize.

"Kwani uliniambia ni nini? Wewe huniambii kitu. Na kanzu mwaka mzima waivaa, siku moja uliuliza yafukizwa wapi?"

Mimi, niliyezaliwa na kulelewa Mombasa, ndani ya udi tangu siku arobaini, nilinusa udi wa nyumbani kwangu nikasema ni vijiti vya Mhindi. Si kwamba harufu zinafanana. Nilitaka tu awe yeye.

Nilisafisha utando upya, nikaukausha pale pale dukani, kwenye kiti karibu na hita ya umeme, siku nne. Tajiri aliona kwamba siku hizi siendi nao nyumbani, wala hakuuliza. Kila siku nilijiambia nitamweleza kesho. Nikilisema hilo, nilifikiri, atanipa bisibisi yangu, na atakuwa na haki.

Mwalimu alikuja kuchukua spika zake. Tulimpigia sahani ya santuri, akasikiliza amefumba macho, muda mrefu, akitafuta kosa. Hakulipata, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikumpendeza. Akafungua macho, akaninyooshea kidole bila kuniangalia, akamuuliza tajiri: kwa hiyo ilikuwa kazi mbaya ya huyu?

"Hapana," akajibu tajiri wangu, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Kosa ni langu. Nilikuwa nikifukiza humu ndani, upumbavu wangu. Fundi wangu ndiye aliyeligundua."

Hakuwahi kuniita "wangu" kabla. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, bisibisi mkononi. Nikatazama sakafu.

Spika zile hazikurudi tena. Nilikaa kwenye meza ile miaka sita zaidi, na sikuacha kumchukia, maana ilikuwa rahisi kuliko kumwambia. Kila asubuhi aliingia nyuma, akasimama mbele ya picha, mikono mitupu. Kisha akanigeukia akaniuliza, "Fundi, hewa iko safi?"

Nikamjibu iko safi.