Swichi Kuu Saa ya Sala

Sifa ni kwa Mungu, aliyeusimamisha mlima huu na kuunyeshea mvua, akaniamsha leo nikiwa na macho yanayoona na mkono unaoweza kuandika. Anazijua hofu zetu kabla hatujazitaja, hata zile tunazoona haya kuzisema. Hii yangu ilikuwa ya kompyuta.

Nyumbani kwetu Mwika tuna kompyuta mbili: yangu ya mezani, na laptopu ya binti yangu, mwalimu, aliyerudi kukaa nami mama yake alipofariki. Aliziunganisha zote kwenye kisanduku cha intaneti kilichopo sebuleni, na folda iliyo kwangu ikawa inaonekana na kwake. Humo ndimo nilimoiweka sauti ya mke wangu.

Alipokuwa mgonjwa alijirekodi kwa simu yake, kwa Kichagga, akiwaachia wajukuu maneno: ndizi gani ni ya supu ya mtori na ipi ni ya kuponda na maharage kuwa kiburu, jinsi ya kumtuliza ng'ombe anayezaa mara ya kwanza, nani amezikwa wapi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na alimzaa nani. Mimi nilizihamishia rekodi hizo kwenye kompyuta yangu, moja kwa siku, taratibu, nikisikiliza. Sikunakili, nilihamisha. Simu ilizidi kuwa tupu nyuma yangu kama shamba linalovunwa.

Kabla sijazimaliza, yakaja masasisho. Kompyuta yangu ilianza kupakua mfumo mpya, na kwa intaneti yetu ya mlimani kazi hiyo huchukua siku nzima. Kila asubuhi nilikuta maandishi yaleyale: imeshindikana, tunarudisha ilivyokuwa, usizime kompyuta.

"Ni intaneti, Baba," alisema binti. Akazima kisanduku na kukiwasha. Kesho yake ikashindikana. Akafuta yaliyopakuliwa ili yaanze upya. Ikashindikana. Akapunguza picha za harusi ili kupata nafasi.

"Usiguse folda ya mama yako."

"Sijaigusa, Baba. Hata kuipumulia sijaipumulia."

Laptopu yake ilikuwa imesasishwa salama, na hilo likazidi kunitisha. Niliwaza kwamba yangu ina ugonjwa, na kwamba ugonjwa utapita kwenye waya. Nikachomoa waya wa kisanduku. Binti akauchomeka. Nikauchomoa tena alipokwenda shule.

Siku moja asubuhi niliiwasha, isiamke. Kioo cheusi, na vidoti vikizunguka duara. Vikazunguka hadi nikarudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, na vikawa bado. Binti aliporudi nilimwambia afungue folda kwake, maana niliamini kilichoonekana mahali pawili kipo mara mbili.

Alibofya, akabofya tena.

"Haipo, Baba. Haikuwahi kuwa kwangu. Nilikuwa nachungulia tu dirishani kwako."

Siku zilizofuata nilimwogopa kila mtu aliyeniuliza habari za nyumbani. Shambani nilijaribu kuikumbuka sauti ya mke wangu, nikaisikia ya dada yake. Nilijaribu tena, nikasikia yangu mwenyewe. Nimefundishwa tangu utoto kwamba waliolala katika Bwana hawapotei, nami naamini.

Jumamosi tuliifunga kompyuta kwa kitenge, tukakodi gari hadi Moshi kwa fundi mmoja, mtu mzima wa familia ya Kihindi iliyouza redio mjini tangu zamani.

"Shikamoo, mzee. Umeleta mtoto?" alisema akicheka, alipoona nilivyoibeba.

"Marahaba. Nimeleta mama yake."

Hakucheka tena. Aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaanza kusoma orodha ndefu ya mambo ambayo kompyuta ilijiandikia yenyewe. Alishusha miwani.

"Mzee, saa moja jioni kwenu kuna nini?"

"Kwa nini?"

"Kila siku inakatika umeme saa moja. Jana yake saa moja, juzi yake saa moja. Apdeti inaanza kujiweka, pap! Laptopu ya mwalimu ina betri, ndiyo maana imepona. Hii yako inauawa. Tanesco wakikata umeme hawana nidhamu hiyo."

Binti alinitazama, nami nikatazama sakafu.

"Tunasali," nikasema.

Mke wangu ndiye aliyeanza. Watoto walipokuwa hawaachi televisheni, alikwenda kwenye korido akashusha swichi kuu, akawasha taa ya chemli, akasema sasa tumsikilize Mungu. Hatukuwahi kusali kwa namna nyingine. Baada ya kumzika, mimi nikawa ndiye ninayekwenda korido. Nilikuwa nikiiacha kompyuta inafanya kazi, nashusha swichi, nafungua Biblia.

"Mungu hajakataza taa, mzee," fundi alisema polepole. "Zima televisheni tu."

Kisha akabofya folda. Majina yalitokea moja moja. Akafungulia rekodi mojawapo, na mke wangu akaanza kueleza kwamba ndizi ya mshare ikimenywa mapema huwa nyeusi, na mtu mvivu ndiye hujulikana kwa rangi ya mtori wake. Binti akacheka, akajifunika uso kwa khanga. Nilishika meza.

Zilikuwepo zote isipokuwa moja. Ile ya mwisho kabisa, aliyoirekodi siku chache kabla ya kufa, niliihamisha jioni ya mwisho kabla kompyuta haijakataa kuamka, dakika chache kabla ya sala. Ni hiyo peke yake niliyoihamisha bila kuisikiliza. Nilikosa ujasiri.

Fundi alihangaika nayo hadi adhuhuri. "Sitakudanganya, mzee. Jina lipo, ndani hamna kitu; umeme ulikatwa kabla haijaandikwa."

Akatunakilia zilizobaki kwenye flashi mbili, moja ya binti na moja yangu, akaipa kompyuta mfumo mpya. Nilimshukuru Mungu kwa kila jina lililotokea, nikiyataja kwa sauti pale dukani.

Sasa kabla ya sala binti huzunguka na kukagua mashine zote mbili. Vidoti vikiwa vinazunguka, tunasali taa zikiwaka. Ninashukuru, na ninaogopa pia. Sijui rekodi ile ilikuwa na nini. Huenda alikuwa akikohoa tu. Huenda aliniagiza jambo, nami kila siku napita bila kulitenda. Nimemwomba Mungu, aliyelisikia, anikumbushe kwa njia yake, na ninangoja.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulindie sauti za wapendwa wako, akupe ujasiri wa kuwasikiliza wangali wanasema, na hofu yako aipokee mikononi mwake. Amina.