Siku Lucius Pettaway Alipochelewa Treni

Telegramu ilimkuta Lucius Pettaway studioni Chicago, asubuhi moja ya Machi 1958. Ilitoka Alabama, kwa dada yake Odessa: MAMA HALI MBAYA. NJOO. Lucius aliisoma mara mbili, akaanza kurudisha saksofoni kwenye sanduku lake. Treni ya kusini ilikuwa inaondoka saa saba mchana.

"Wewe, wapi?" akauliza Krantz, kiongozi wa bendi.

"Nyumbani, Bwana Krantz. Mama yangu mahututi."

"Pole, ndugu yangu. Lakini upande wa pili wa santuri bado mtupu, na mwimbaji ndiyo hivyo, hajatokea. Nipulizie chochote, dakika mbili tu. Treni utaiwahi."

Lucius hakuwa mtu wa kubishana. Mpiga ngoma akaanzisha mdundo wa mbio, naye akaufuata asijue anakoelekea. Katikati saksofoni ikakwaruza, ikalia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Hiyo hiyo!" Krantz akaruka. "Rudia!"

Walirudia mara sita. Saa saba ikapita.

Alipofika Alabama alikuta viti vya majirani vimepangwa uani. Mama alikuwa amekata roho alfajiri. "Treni ilikwama njiani," Lucius alimwambia Odessa.

Upande ule wa kujazia ndio uliopendwa. Kufika Julai, wimbo ule usio na neno hata moja ulikuwa kwenye kila redio, na vijana waliucheza hadi soli za viatu zikaisha. Kwenye televisheni Krantz alisimama na kijana wa Kizungu aliyeshika saksofoni. Sura nyeusi ya Lucius, alikuwa amemwambia, isingeuzika.

Lucius akabaki na kazi yake ya kila siku, katika kiwanda cha chuma cha Chicago.

"Wamekuibia kweupe, Pettaway!" wenzake walimchokoza. "Ningekuwa mimi, huyo Krantz angekula supu kwa mrija."

Wimbo ukianza kulia mkahawani, Lucius aliacha maharage yake mezani akatoka.

Miaka mitatu baadaye binti wa Odessa aliolewa. "Mjomba, tupigie ule wako!" wageni wakamvuta mkono. Alijitoa, akaenda nyuma ya kanisa. Odessa akamfuata.

"Kaka, hata kumfurahisha mtoto hutaki?"

"Niambie kweli, Odessa. Mama aliniulizia?"

Odessa alitazama viatu vyake. "Aliuliza mpaka sauti ikamkauka. Nikawa namwambia uko njiani."

"Sikuwa njiani. Treni haikukwama. Nilikuwa napiga wimbo huo."

Odessa aliketi kwenye ngazi, na gauni lake jipya likaburuzika vumbini.

"Nimeucheza, Lucius," alisema. "Humo humo jikoni kwa mama. Nikijisifu kwa watu kwamba ni kaka yangu huyo."

Lucius alinyoosha mkono amsaidie kuinuka. Odessa hakuushika. Aliinuka mwenyewe, akarudi ndani, akawaambia wapigaji wapige kitu kingine.

Hakumwandikia kwa miaka miwili. Barua ilipofika, ilieleza habari za mvua na za pamba, na haikuanza kwa "kaka".