Alama ya Kidole Gumba kwenye Sare ya Sista

Mama mkubwa ni fundi cherehani, na anayetaka kumjua amtazame mikono. Kidole kimeota sugu la mkasi. Futi ya kupimia inaning'inia shingoni kutwa, hata huisahau akaenda nayo kulala. Yeye na marehemu mama yangu walilelewa na mwanamke aliyewakaangia viazi kila walipolia, walipougua au walipofanya vizuri. Kwa hiyo kwake viazi vya kukaanga si chakula tu. Ni mkono wa mama yake mgongoni.

Mwaka jana macho yake yalianza kuona ukungu. Uzi ukawa unaikwepa sindano, mistari ya chaki inamchezea. Akaenda zahanati, na muuguzi tunayemwita sista akampima, akamwambia ni kisukari, na asipojitunza macho yatazidi kuharibika. Alirudi, akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Fundi asiyeona atakuwa nani tena?

Sista alikuwa amemwandikia karatasi: mboga kwa wingi, maharage, samaki, unga usiokobolewa, na vya kukaanga apunguze. Mama mkubwa aliipokea kama hukumu. Siku hiyohiyo alimpa jirani kikaango na viazi vyote vilivyokuwamo nyumbani. Kuanzia hapo tukala majani ya kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu. Baba mkubwa, ambaye hutengeneza baiskeli na ni mpole sana, aliuliza kama kisukari ni cha nyumba nzima. Akajibiwa kwamba asiyeridhika aende akaoe kikaango.

Mimi hukaa kwenye meza ya vifungo, na asiyesema sana huona. Kila jioni mama mkubwa akawa anakwenda kununua uzi. Uzi gani huo usiotosha hata siku mbili? Akirudi anaingia kwenye kijichumba cha kujaribia nguo, anavuta pazia, kisha inasikika karatasi. Harufu nayo haizuiwi na pazia. Siku moja upepo ulilifungua kidogo nikamwona: amesimama, anakula viazi harakaharaka kutoka kwenye gazeti, huku machozi yanamtoka. Usiku mezani hakugusa kitu, akasema ameshiba maji. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi, na yeye ndiye mkubwa?

Sasa, sista naye alikuwa ameleta kitambaa cheupe ashonewe sare. Ikakamilika, ikatundikwa humohumo kijichumbani, na jioni moja mama mkubwa akaisogeza kando kwa mkono wenye mafuta ili apate nafasi ya kusimama. Alipoona doa kifuani alifanya wanavyofanya mafundi: akasaga chaki, akainyunyiza, akapiga pasi juu ya karatasi, akanyunyiza tena. Chaki nyeupe, kitambaa cheupe. Doa likapotea.

Ijumaa sista akaja kujaribu. Mbele ya kioo akafanya kama afanyavyo yeyote mwenye nguo mpya, akajipangusa kifua kwa kiganja. Chaki ikaruka. Ikabaki alama ya kidole gumba, imekaa vizuri kama muhuri wa ofisini.

Sista akavuta kitambaa puani. "Fundi," akasema, "hii sare imekula viazi."

Mama mkubwa akaanza habari za mafuta ya cherehani. Hakufika mbali. Alikaa kwenye kigoda, akaeleza yote, gazeti na pazia na uzi wa uongo, akaomba radhi kwa kitambaa, kisha akajiita mlafi.

Sista akaichomoa ile karatasi ukutani, ilikuwa imebanwa na pini. Akauliza wapi aliandika viachwe kabisa.

"Najua uliandika nipunguze," mama mkubwa akasema. "Lakini nikionja kimoja tu, naona nimeshaharibu. Basi namalizia vyote."

Sista akavuta kigoda kingine wakakaa magoti kwa magoti. "Mwanangu wa kwanza nilimnyima sukari hivyohivyo," akasema, "nikamkuta chini ya kitanda na kopo zima. Dada yangu, kinachokuumiza zaidi ni hilo pazia."

Wakapanga. Siku moja kwa juma, mchana, mezani, kwenye sahani. Kwanza mboga na maharage, halafu viazi kiasi cha ngumi yake mwenyewe. Na mboga zitiwe kitunguu na ndimu, kwani zimemkosea nini? Baada ya miezi mitatu apimwe. Kama sukari haijashuka, watapanga upya.

Mama mkubwa alikifumua kifua cha ile sare, akakishona upya kwa kitambaa kisicho na doa. Kikaango nacho kilirudi, ingawa jirani alidai kimeshamzoea yeye.

Miezi ile mitatu ilikuwa mirefu. Kila Jumamosi alikuwa akitazama sahani kwa hofu, na Jumapili akijaribu sindano dirishani. Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Sista alitazama kipimo, akakitazama tena, akasema sukari imeshuka, na kwamba asilewe sifa, aendelee hivyohivyo. Njiani mama mkubwa alinishika mkono mpaka nyumbani, akawa anasoma maandishi ya milango ya maduka, moja baada ya jingine. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikamshukuru na yule mtoto wa sista na kopo lake.

Jumamosi iliyofuata alikula viazi vyake polepole, mlango wazi, wateja wakipita wanasalimia. Unasikia kabisa kingo zikivunjika mdomoni. Baba mkubwa akanyoosha mkono kwenye sahani.

"Sista ameniruhusu, na mimi nimejiruhusu," mama mkubwa akasema. "Wewe nani kakuruhusu?"

Baba mkubwa akasema yeye anasubiri ruhusa ya mkewe. Mama mkubwa akatafuna kwanza, akafikiri, kisha akamkatia kimoja katikati.