Mikono ya Mzee Ovila

Kyakimwa alikuwa ameosha na kulisha wazee wa watu wengine kwa miaka saba, na bado kila alipopanda treni ya kwenda Westmead alijiuliza ni nchi gani hii ambamo mama yako huoshwa na mgeni kutoka Butembo, Kongo. Hakusema kwa ubaya. Kazi hiyo ndiyo iliyomlelea Patrick na Ornella, watoto waliomwelewa kila neno na kumjibu kwa Kiingereza, hata wakigombezwa, mpaka ugomvi wa nyumbani ukafanana na kesi yenye mkalimani.

Agosti ya 2021 Sydney ilikuwa imefungwa, na korona ilikuwa imepiga hodi ghorofa ya pili ya nyumba ya wazee alikofanya kazi. Nusu ya wafanyakazi walikuwa karantini. Waliobaki walizunguka wakiwa wamevaa gauni la plastiki, barakoa na ngao ya uso, wakitoka jasho katikati ya majira ya baridi.

Mgonjwa aliyewasumbua zaidi alikuwa Mzee Ovila Gingras, Mkanada wa Québec, mwenye miaka tisini na tisa. Baada ya vita kuu alimfuata mke wake Sydney akawa seremala. Sasa uzee ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza chote ukamwachia Kifaransa cha utotoni, na hivyo Kyakimwa akapata cheo asichokiomba: mwiteni yeye, anajua Kifaransa. Kifaransa chenyewe kilikuwa cha ajabu. Mzee akikasirika alitaja tabenakulo, kalisi na hostia. Siku za kwanza Kyakimwa, Mkatoliki tangu tumboni, alidhani anaomba komunyo, akawa anaitikia "Amina." Kumbe kwao hayo ndiyo matusi.

Korona ilipomfika, mzee aliwekewa mpira wa oksijeni puani. Akaung'oa. Ukarudishwa, akaung'oa tena, na kila alipong'oa midomo yake ilibadilika rangi. Daktari aliongea na binti yake, Denise, aliyekuwa Perth, jimbo jingine, na mipaka imefungwa. Denise alilia, kisha akakubali: baba afungwe mikono kwa muda, asije akajiua bila kujua.

Asubuhi Kyakimwa aliingia na glavu nene za kitambaa, zenye mikanda ya kufungia kwenye vyuma vya kitanda. Alijiandaa kwa vita. Lakini mzee alipoiona ile mikanda, alijikaza akainua mgongo, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazamana, akainamisha kichwa kidogo.

Kyakimwa akaguswa moyo. Kwao mtu aliyelelewa vizuri hupokea kwa mikono miwili. Akamfunga polepole. Mzee akasema ahsante.

"Sista, ile mzee iko na heshima!" alimwambia Cherotich, nesi wa zamu, Mkenya aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. "Mzungu anapokea na mikono mbili kama muntu wa kwetu."

"Wee, Mama Patrick! Mimi jana alinitusi kanisa lote, kutoka altari mpaka mlangoni."

Wakacheka nyuma ya barakoa zao. Jioni Kyakimwa alimfungua amlishe, na kesho yake asubuhi akaingia tena na mikanda. Mikono ikanyooshwa vilevile, pamoja, kimya. Safari hii mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Leo ni kamba au ni chuma?"

Kyakimwa alisimama na mkanda mkononi. "Chuma gani, Papa?"

"Kamba ilikuwa mwanzoni. Kamba za vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Halafu wakaleta pingu zenye mnyororo." Alimtazama kama anamfundisha mfungwa mgeni. "Usibishane nao. Wanafunga asubuhi, wanafungua jioni. Nyoosha tu mikono."

Akasimulia vipande vipande, akipumzika kutafuta pumzi. Dieppe, pwani ya Ufaransa, Agosti ya 1942. Wakanada karibu elfu tano walitumwa kuvamia mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ufukwe wa mawe, vifaru vinateleza, wenzake wanaanguka kabla ya kutoka majini. Kufikia mchana waliobaki hai walikuwa wameinua mikono. Wajerumani waliokota amri ya Wakanada wenyewe, iliyosema mateka wafungwe mikono. Basi wakalipiza. Tangu Oktoba, kwa zaidi ya mwaka, Wakanada walishinda na pingu kambini.

"Tulijifunza kuzifungua na ufunguo wa kopo la dagaa," mzee alisema, akatabasamu bila meno. "Lakini akija mlinzi, unazirudisha. Unanyoosha mikono. Hivi."

Akanyoosha zaidi, asije akamchelewesha.

Jana Kyakimwa alikuwa amemsifu. Heshima! Mtu huyu akiiona mikanda alikuwa amerudi kambini, na yeye amemfunga na kupokea ahsante yake. Yeye, ambaye mjomba wake Akilimali alikutwa nje ya mji wa Beni kando ya barabara, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mbuzi. Alijua kamba ni nini. Alijua, na hakuona.

Akatupa mikanda kwenye pipa la takataka la chumbani, akamwita Cherotich.

"Ati nini?" Cherotich alipomaliza kusikia alikaa kwenye ukingo wa kiti, ngao ya uso imejaa ukungu. "Mungu wangu. Na bado asipofungwa ataung'oa, Mama Patrick. Ataenda. Tuko wawili ghorofa nzima."

"Mimi simufungi."

"Si wewe wala mimi wa kuamua. Tupige simu."

Denise alitokea kwenye simu akiwa jikoni kwake Perth. Kyakimwa alimweleza kwa Kiingereza chake cha kazini, bila kupamba.

"Baba alikuwa mpishi," Denise alisema. "Alituambia alikuwa mpishi wa jeshi, Uingereza. Miaka yote hiyo." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na mimi ndiye niliyeruhusu."

"Sote tuliruhusu," Cherotich alisema. "Lakini lazima ujue, dada. Tukimwacha huru, huenda asimalize wiki."

Denise alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, alisema: "Mwacheni."

Kyakimwa aliketi kando ya kitanda zamu zake zote, kila alipopata nafasi. Mzee aling'oa mpira, yeye akaurudisha. Aling'oa, akaurudisha, na kila mara Kyakimwa alimwomba radhi kwa Kifaransa. Wakati mwingine alimshika kiganja tu, na mzee akatulia akalala. Hakunyoosha mikono tena. Alitukana, tena sana, na Kyakimwa akaona ni afadhali.

Ijumaa mchana, mpira ukiwa umeteleza mpaka kidevuni, pumzi yake ilianza kuja mara mojamoja. Cherotich aliwasha simu ili Denise awepo. Denise aliimba kitu cha Kifaransa ambacho hakukijua vizuri, akakatiza. Ikafika wakati hata Cherotich akaacha kutazama mashine ya oksijeni.

"Ameenda?" Denise aliuliza.

"Ameenda, dada yangu."

Denise akafuta macho. "Nionyeshe mikono yake."

Kyakimwa akapandisha mkono wa pajama, wa kushoto, kisha wa kulia. Akaisogeza simu karibu na vifundo vile vyembamba vya mikono, polepole, aone pande zote kwamba havikufungwa.