Siku Sauti ya Khalu Ilipotokea Nje

Aibu hii siisimulii mara mbili, kwa hiyo nyamazeni, na anayetaka kucheka angoje nimalize. Mnaniuliza kwa nini dada yangu Poni haongei na mimi. Ni kompyuta. Hapana, nisidanganye, ni mimi.

Siku ile watu wa Morris walikuja kwetu Gudele kumposa. Wazee wao wakaketi nje kwenye hema wakinywa soda, sisi tukajifungia chumba cha nyuma kushauriana, maana kwetu jibu halitoki kabla kaka wa mama hajasema neno lake, na khalu wetu (ndivyo tunavyomwita mjomba hapa Juba) anaishi Australia. Basi apigiwe kwa kompyuta yangu ya mezani, ile ile ambayo asubuhi nilikuwa nimeiunganisha kwa blututh na spika kubwa ya kukodi kule hemani, wageni wasikie nyimbo (na wajue nyumba hii ina mtaalamu). Nyimbo nilizima. Blututh sikuikumbuka.

Uso wa khalu ukatokea, midomo inacheza, sauti hakuna.

Mama akasema, "Lado, kamwite Okello." Huyo ni jirani yetu, Mganda anayetengeneza simu kando ya barabara, na alikuwa hapo hapo hemani na wageni. Nikamjibu, "Mama, mimi nilisoma kompyuta Kampala" (miezi mitatu, na mmoja niliumaliza kitandani na malaria). Laiti ningemwita.

Nikachomoa waya wa spika ndogo, nikaupuliza, nikauchomeka tundu la kijani, nikajaribu la waridi, nikaleta iyafoni za simu, nikapandisha sauti mpaka mia, nikazima kompyuta nikaiwasha upya, jenereta inanguruma dirishani, baba zangu wadogo wamenisimamia kisogoni, jasho linadondokea kibodi, na khalu, ambaye yeye alitusikia vizuri kabisa, kila nikimwambia, "Khalu, hatusikii, rudia, paza sauti," anarudia maneno yale yale kwa subira, na anapaza. Alirudia mara nne.

Mlango ukafunguliwa. Okello, chupa mkononi, hanitazami usoni.

"Boss, sauti iko. Iko huko nje kwa spika. Sisi yote tunasikia."

"Anasema nini?" mama akauliza.

Okello akaangalia sakafu. "Anasema musiambie hawa watu kama Poni iko na mtoto kule Arua."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye sementi. Na khalu alikuwa ameongea Kiarabu cha Juba, kwa hiyo hata wapishi hawakukosa neno. Nilipotoka, wazee walikuwa wameshasimama. Mkubwa wao akanishika mkono kwa adabu (hiyo adabu ndiyo iliyonimaliza), akasema, "Malesh, pole mwanangu. Mngetuambia wenyewe." Morris alibaki kidogo getini, halafu naye akaitwa garini.

Poni nilimkuta jikoni, ndani ya nguo yake mpya, ameshika sinia la vikombe. Nikaanza kumweleza habari ya blututh. Jamani, mtu posa yake imevunjika, mimi namweleza blututh! Akanikatiza.

"Morris alijua, Lado. Nilimwambia zamani. Tulikuwa tunatafuta siku nzuri ya kuwaambia wazee wake."

Tangu hapo sijapata sentensi nyingine kutoka kwake. Kompyuta niliigawa, na hata redio ikikwama siku hizi siigusi.

Mtoto mwenyewe ameletwa, maana sasa afichwe kwa nini. Anaitwa Keji, ana miaka mitano, anakula sahani moja na mimi huku mama yake akitupa mgongo, na ananiita khalu. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilitoka nje nikalia. Nimeapa: siku watu wakija kumposa yeye, popote nitakapokuwa nitafunga safari, nikae kwenye kiti mbele ya wageni, niseme kwa mdomo wangu, na sitamwambia mtu yeyote afiche kitu.