Redio Aliyoichagua Mado

Mwaka wa 1958 Mado alikuwa fundi wa kushona pale Kasongo, mama wa mtoto mmoja, Louise, na hakuwa mtu wa kubabaishwa na karatasi. Ila hii ilimbabaisha. Ilitoka chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji, ikimtaka mume wake, mwalimu Zéphirin, aandike mapema masomo ya mawasiliano atakayosoma.

"Baba Louise, mutu anasomea kusema?" aliuliza. "Weye unasema tangu nikujue."

Zéphirin akaeleza, na maelezo yakazidi kuvuruga mambo. Kuna kandidatira, miaka miwili, wote wanasoma mamoja. Juu yake kuna lisansi, miaka mingine miwili. Ndani ya lisansi mtu anachagua tawi, gazeti au redio. Mado akauliza kama tawi ni diploma nyingine. Hapana. Linaongeza miaka? Hapana. Sasa kazi yake nini? Zéphirin akakuna kichwa. Mwalimu wa watu, naye alikuwa anapapasa tu.

Shida ya Mado ilikuwa mama yake, Léocadie, kipofu, asiye na mtoto mwingine. Mado hakuwa tayari kuhama Kasongo na kumwacha. Aliogopa mume akikawia Ubelgiji angetaka wamfuate, kwa hiyo aliishikilia miaka: asome miwili, arudi. Walibishana siku tatu, wali unapoa mezani, mpaka Mado akachoka na kukubali yote minne.

Kuhusu tawi hakuona ugumu wowote. Gazeti lilitoka mbali, ndani ya lori, limeshakunjikakunjika. Redio ilikuwa hapa hapa, dukani kwa Abdallah, inasema kila jioni mpaka barabarani. Mume akifanya kazi pale, hata chakula cha mchana atakula nyumbani.

"Andika redio," alisema.

Zéphirin alimtazama sana, kisha akaandika upesi, kabla mke hajabadili nia.

Barua ilikuwa imeshaondoka wiki nzima Mado alipokutana na padri wa misheni aliyeituma.

"Mama Louise, mutazoea Léopoldville?"

"Tutaenda kufanya nini kule, mon père? Redio iko kwa Abdallah."

"Pale ni pa kusikilizia. Wanaosema wako Léopoldville, kule muji mukuu."

Mado alirudi nyumbani. Hasira ilimpanda, hakujua amkasirikie nani. Alimkuta Zéphirin akipanga vitabu, akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba kuchagua redio ni kuhama.

"Nilikuwa nataka gazeti," alisema Zéphirin polepole. "Misheni inatafuta mutu wa gazeti yao, hapa hapa. Tungebaki na mama. Ulipotaja redio, nilisema, kumbe umekubali tuhame. Nilishukuru, sikutaka kukuuliza tena."

Nje, Léocadie alikuwa anawaambia majirani kwamba mkwe wake atasema kwenye redio, na kwamba yeye atakuwa anapelekwa na binti yake kila jioni kwa Abdallah kumsikiliza.